Nyuki Katika Ukurasa wa 209

Jumatatu, 4 Machi

Thelathini na moja! Kati ya mia! Insha yangu imerudi na wino mwekundu mwingi kuliko mweusi. Ukurasa wa kwanza Mhadhiri ameandika: Hoja iko wapi? Ukurasa wa pili: Ushahidi uko wapi? Mwisho kabisa: Kitabu umekisoma? Swali hilo la mwisho si la kitaaluma. Ni la kuingilia mambo ya watu.

Mama mkwe amepata sabini na nane.

Niandike jinsi balaa hili lilivyoanza, maana vizazi vijavyo vitataka kujua. Mama mkwe alistaafu posta, ambako alipanga barua miaka thelathini na miwili. Baba mkwe alishafariki, watoto wametawanyika, akawa anakaa nyumbani kwake peke yake kutwa nzima akitazama ukuta. Mke wangu hapati usingizi kwa ajili ya mama yake. Basi mimi, kwa moyo wangu mweupe, nikapendekeza mama mkwe ajiandikishe kwenye kozi yangu ya jioni pale chuo kikuu, Fasihi ya Dunia na Uandishi wa Uchambuzi. Nilikadiria atachoka wiki ya pili. Sasa ni wiki ya saba, na darasa zima likitaka kujua kazi ya kusoma ni ipi, linamuuliza yeye.

Tena sababu ya thelathini na moja yangu ni heshima tupu. Mtu hakai ubavu kwa ubavu na mama mkwe. Mbele yake pia haifai, ni kumpa mgongo. Yeye kashika safu ya pili. Mimi nimebakiwa na kona ya nyuma karibu na mlango, ambako sauti ya Mhadhiri hufika nusunusu. Kwa hiyo zile alama si zangu, ni za kiti.

Tulipotoka aliniambia tu, pole baba. Kwa upole! Hapo ndipo paliponiuma.

Utaratibu uko wazi. Insha mbili chini ya hamsini, unaondolewa kwenye kozi. Ya kwanza ndiyo hiyo. Ya pili ni tarehe 18. Nikianguka tena mimi naondoka, yeye anabaki. Nitakuwa namsindikiza hadi mlangoni, nimpokee mkoba wake, kisha nikae kwenye benchi na mlinzi nikimngoja atoke kuelimika. Haiwezekani! Kazini kwangu stoo nimeshawatangazia wote kwamba naelekea kuwa msomi.

Riwaya mpya ina kurasa 412. Ndugu wanne wanagombania nyumba ya mama yao. Imetafsiriwa kutoka lugha ya mbali sana. Kazi: tuchague kifungu kimoja tukichambue kwa kina. Naandika haya kwenye meza yangu ya kusomea, ambayo mguu mmoja ni mfupi na mwandiko wote unayumba. Nitashinda.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Kwa nini niandike insha mpya kila kitabu? Fundi seremala hatengenezi nyundo mpya kila kiti. Nimetunga Insha ya Kudumu, yenye nafasi wazi za kujaza jina la kitabu na majina ya wahusika. Inafaa riwaya yoyote, ya nchi yoyote, ya karne yoyote. Inaanza hivi: “Katika kazi hii adhimu, mwandishi anatuonyesha kwamba maisha ni safari.” Nani atabisha?

Nimemsomea mke wangu akikunja nguo. Akasema ni nzuri, na kwamba ukiondoa neno mwandishi inaweza kubandikwa hata kwenye pakiti ya sabuni. Hajasoma fasihi. Nimemsamehe.

Alhamisi, 7 Machi

Semina. Niliamua kuifanyia majaribio Insha ya Kudumu kwa mdomo. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikavuta pumzi, nikatamka kwamba katika riwaya hii maisha ni safari.

Mhadhiri akafurahi. Kwa kweli alifurahi, sikuwahi kumwona hivyo. Akauliza ni nani kwenye riwaya anayesafiri.

Nikasema wengi.

Akaomba mmoja.

Nikasema ndugu mkubwa, kwa kiasi fulani, na wengine kwa njia zao. Mama mkwe akanyoosha kidole. Akasema, samahani sana, baba atakuwa amepitiwa, lakini katika kurasa zote 412 hakuna mtu anayetoka nje ya nyumba ile. Wanaogopa kwamba atakayetoka atafungiwa mlango. Ukurasa wa 31, wa 88 na wa 156. Akaongeza kwamba anavyoona yeye, kitabu chenyewe kinahusu jambo hilo hasa.

Nikasema safari niliyoikusudia ni ya ndani. Mhadhiri akaniuliza ndani ya nini. Nikakaa.

Insha ya Kudumu nimeiweka kabatini. Haina kosa, kitabu ndicho kilichokuwa na kasoro.

Jumamosi, 9 Machi

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Leo nimeinama.

Mama mkwe amekuja kula nasi mchana. Nilijua daftari lake la Fasihi ya Dunia linakaa kwenye mkoba wa kahawia, kwa sababu mkoba huo hauachi hata akienda dukani. Mpango: wakati yeye na mke wangu wako jikoni, nitoe daftari, ninakili hoja mbili tatu, nirudishe. Huo si wizi. Wasomi wote husoma wenzao.

Nilikuwa nimeingiza mkono hadi kiwikoni mama mkwe aliposimama mlangoni na bakuli la matunda.

Nikasema kichwa kinanigonga na nilikuwa natafuta dawa. Akasikitika mno. Akaweka bakuli chini, akatoa kidonge kwenye mfuko wa pembeni, akaniletea maji, akasimama mbele yangu mpaka nikameza. Kisha akasema nifungue mdomo aone kama kimeshuka, eti marehemu naye alikuwa na tabia ya kuvificha chini ya ulimi. Mke wangu akacheka hadi akashika ukuta. Nikalazwa kwenye kochi na pazia likafungwa. Saa mbili nzima gizani, mtu mzima, sina hata chembe ya maumivu!

Sasa kichwa kinauma kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Maktaba. Nakala zote za riwaya zimeshaazimwa na watu wenye pupa. Nikamwambia Mkutubi ni suala la kufa na kupona. Akasema nakala moja imerudi asubuhi ileile kutoka kwa fundi wa kujalidi vitabu, na jalada jipya la kijani, pamoja na sanduku zima la vitabu vya kilimo. Ila hawezi kuitoa kabla hajakagua kurasa moja moja, ndiyo kazi yake, aachiwe mpaka Jumatano. Nikamwambia haraka yangu ni kubwa kuliko ukaguzi wake. Akasema yaliyomo yatakuwa juu yangu. Nikasema mimi ni msomi, yaliyomo ndiyo kazi yangu! Akapiga mhuri kwa nguvu isiyo ya lazima.

Nimegundua pia mbinu. Kila mtu husoma mwanzo wa kitabu, na wavivu husoma mwisho. Kwa hiyo mwanzo na mwisho vimeshachambuliwa hadi vimebaki mifupa. Katikati ndiko kwenye nyama, na hakuna anayefika. Mimi nitasoma katikati tu.

Nusu ya 412 ni 206. Nimekiweka kitabu juu ya meza, gundi yake bado mbichi, kikafunguka chenyewe ukurasa wa 209. Ishara njema!

Jumanne, 12 Machi

Sikujua. Naungama, sikujua kwamba fasihi ya dunia imefika huku.

Ukurasa wa 209 unaanza: “Mizinga iwekwe mbali na njia, na anayeikaribia avae nguo nyeupe, aende polepole.” Nikasubiri wale ndugu wanne waingie. Hawaingii. Ni nyuki! Nyuki kurasa kumi na sita, toka 209 hadi 224. Hakuna mazungumzo. Hakuna jina la mtu. Ana ujasiri gani mwandishi huyu, asimamishe ugomvi wa urithi katikati na kutupeleka kwenye mzinga bila kutupa hata salamu!

Nilisoma mara ya kwanza stoo, juu ya magunia. Sikuelewa. Nikasoma tena chakula cha mchana. Kwa vile ni kurasa kumi na sita tu, na kwa vile sina mpango wa kusoma nyingine yoyote, nimezisoma mara tisa. Zinaanza kufunguka. Neno “polepole” limetokea mara kumi na saba, nimeyapigia yote mstari kwa penseli. Mfugaji hana uso wala umri. Ana mikono tu. Kisha hili, ambalo nililiona mara ya saba nikaruka kwenye kiti: neno “asali” halipo! Kurasa kumi na tano za nyuki bila asali. Inatajwa mara moja tu, mstari wa pili kutoka mwisho, ukurasa wa 224, na hapohapo inachukuliwa.

Ndiyo hoja yangu! Mwandishi anauchelewesha utamu makusudi. Anatulazimisha kwanza tuone kazi ya nyuki, siku baada ya siku, ili mkono wa mfugaji ukiingia mwishoni tuone aibu kana kwamba ni mkono wetu. Nyumba ni mzinga. Ndugu wanne wanataka asali ya mama yao.

Ukurasa wa 217 upo mstari mmoja nimeunakili hapa. “Malkia akizeeka, wale waliomlisha huacha kumlisha, naye hukaa pembeni ya sega akingoja.” Mara ya kwanza niliupita. Mara ya tisa nikaweka penseli chini. Nikamwona mtu amekaa peke yake nyumbani kwake anatazama ukuta, na sikutaka kuendelea kumwona. Nikakohoa. Vitabu vya maktaba vina vumbi.

Alhamisi, 14 Machi

Hii ni siku ya kuandikwa kwa wino wa dhahabu!

Semina. Sikusema neno, nisije nikaibiwa nyuki wangu. Nilikaa konani nikitabasamu kama mtu mwenye ufunguo mfukoni. Mhadhiri akaniuliza mara mbili kama ni mzima.

Zamu ya mama mkwe. Akasema kifungu chake ni kile cha dada mkubwa akiwa juu ya ngazi anaziba paa linalovuja, wakati ndugu zake wanamtazama tu kutoka chini. Ukurasa wa 214.

Ukurasa wa 214! Nikafungua chini ya meza. Nikatazama mara ya kwanza, ya pili, nikafuta miwani. Ukurasa wa 214 hauna dada. Hauna ngazi. Hauna paa. Una moshi. “Moshi kidogo huwatuliza, moshi mwingi huwakimbiza.” Neno kwa neno!

Mama mkwe anatunga! Namba zote zile, thelathini na moja, themanini na nane, mia hamsini na sita, na darasa zima linazinukuu kwenye daftari, kumbe anazitoa hewani. Miaka thelathini na miwili posta! Natetemeka nikifikiria barua zilikokuwa zinakwenda.

Sikumuumbua papo hapo. Kwanza ni mama wa mke wangu. Pili, msomi huumbua kwa maandishi.

Jumapili, 17 Machi

Insha imekamilika. Kurasa saba. Ina hoja, ina nukuu ishirini na mbili, kila nukuu ina ukurasa wake. Sijawahi kuandika kitu chenye namba nyingi hivi nje ya stoo. Tanbihi ya tatu ndiyo shoka langu: “Baadhi ya wanafunzi wenye umri mkubwa hudai kwamba ukurasa wa 214 una paa. Mwandishi wa insha hii amekagua. Hakuna paa.”

Mke wangu kaisoma yote amesimama, kijiko mkononi, hadi sufuria likaungua. Akasema hii ni tofauti, hii inaonyesha nimesoma. Akasema mstari wa malkia umemkumbusha kwamba hajampigia mama yake simu tangu Jumanne. Kisha akauliza, una uhakika kitabu kile kina nyuki? Maana mama amekisimulia toka mwanzo hadi mwisho na nyuki hajawataja.

Nikamweleza kwamba msomaji wa juu juu hawaoni nyuki.

Akasema hebu tumpigie tumuulize. Nikaichukua simu nikaikalia. Nimeikalia mpaka chakula kilipoiva upya. Siri ni siri.

Jumatatu, 18 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Mhadhiri alisema kabla ya kukabidhi, kila mmoja asome aya mbili mbele ya wenzake. Nikaomba niwe wa mwisho, kama wanavyofanya wakubwa. Nikasoma aya ya asali. Mhadhiri akaweka kalamu chini. Nikasoma aya ya malkia mzee. Mama mkwe akavua miwani akaishika mapajani. Nikajua wivu umemwingia. Kwa kuwa ushindi ulikuwa mtamu, nikaongeza na tanbihi ya tatu, kwa sauti.

Watu wakageuka kumtazama mama mkwe. Yeye wala hakukasirika. Akanyoosha kidole, akauliza kwa heshima zote kama anaweza kukiona kitabu cha baba.

Kikapitishwa mkono kwa mkono kutoka kona yangu hadi safu ya pili. Hakukisoma! Alikikunja kidogo, akapitisha kidole gumba kwenye ncha za kurasa, zikawa zinalia trrr, kama mtu anayechanganya karata, na mahali fulani kidole kikasimama. Akasema karatasi hizi si za nyumba moja. Hizi nyeupe, hizi za rangi ya chai. Akafungua. Akasoma mwisho wa ukurasa wa 208: “Dada mkubwa akapanda ngazi, mvua ikimpiga usoni kupitia tundu la paa, akanyoosha mkono akashika”. Akasoma mwanzo wa 209: “Mizinga iwekwe mbali na njia.”

Mhadhiri akaja kutazama. Akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Akaeleza kwamba fundi wa kujalidi alikuwa na vitabu viwili mezani, riwaya yetu na mwongozo wa ufugaji nyuki. Vitabu hushonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita. Yeye kaangalia namba tu, 209 baada ya 208, imefuatana, kashona. Maana yake huko idara ya kilimo kuna mfugaji mmoja anayefundishwa kupuliza moshi, kisha ghafla anakuta ndugu wanne wanagombana chini ya paa linalovuja.

Walicheka wote. Mlinzi aliyekuwa nje ya mlango alicheka bila hata kujua kilichotokea. Mimi nilisimama. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikaona benchi la mlinzi. Nikajiona juu yake na mkoba wa kahawia mapajani, mwaka mzima.

Mama mkwe ndiye hakucheka. Darasa lilipotoka alibaki nyuma akizungumza na Mhadhiri. Nilimngoja nje kumsindikiza, tukatembea, yeye mbele, mimi hatua tatu nyuma.

Jumatano, 20 Machi

Stoo. Nimehesabu misumari siku nzima bila kuulizwa na mtu.

Mke wangu kanidokezea kwamba jana alizungumza na mama yake. Eti Jumatatu mama mkwe alibaki nyuma kumwomba Mhadhiri aisome insha yangu hadi mwisho kabla hajaamua. Alimwambia kwamba baba yule safari hii amesoma, na mtu aliyesoma asifukuzwe.

Nimelipima jambo hili kila upande. Kwa nini atake isomwe hadi mwisho? Ili makosa yote yaonekane, lisibaki hata moja. Mwanamke hodari sana.

Alhamisi, 21 Machi

HAMSINI NA MOJA!

Nimepita! Nabaki! Nilimkumbatia mlinzi.

Mhadhiri kaandika ukurasa mzima, wino mweusi safari hii. Ninakili: “Nilitaka kuona kama unaweza kusoma kifungu, ukapata hoja na kuithibitisha. Umeweza. Uliyoyasema juu ya neno asali ni uchambuzi wa kweli, na mimi mwenyewe nisingeyaona. Umeweza kwa sababu, kama unavyosema mwenyewe, ulizisoma kurasa zile mara tisa. Hakuna siri nyingine. Nimekata alama nyingi kwa kuwa riwaya yenyewe hukuisoma. Sasa irudie njia hiihii, kuanzia ukurasa wa kwanza. Tanbihi ya tatu uifute, na mhusika umwombe radhi.”

Ujumbe nimeuelewa mara moja. Siri ni nyuki.

Radhi nimeomba palepale koridoni. Nilimwomba mama mkwe radhi kwa niaba ya fundi wa kujalidi, kwa usumbufu aliotusababishia sote wawili. Akasema haidhuru, baba. Yeye kapata themanini na tatu. Nikampongeza kwa namna ambayo meno yangu hayakuonekana sana.

Jumapili, 24 Machi

Mama mkwe kaja leo na mkoba wa kahawia. Nilikaa mbali na mkoba.

Akatoa vitu viwili. Cha kwanza, kurasa kumi na sita. Mkutubi ameupata ule mwongozo wa nyuki, na ndani yake zimo kurasa zetu za riwaya zilizopotea. Mama mkwe kamwomba azitolee nakala kwa ajili yangu, nisome kisa cha dada na paa, maana asingependa nikikose. Cha pili, mwongozo wenyewe! Kauazima kwa jina lake. Anausoma toka ukurasa wa kwanza, amefika wa 140. Akasema tangu niusome ule mstari wa malkia mzee haujamtoka. Kaunakili kwenye karatasi akaubandika ukutani, pale anapopatazama siku zote. Akasema mtu aliyeuona mstari ule ana macho.

Akafunga mkoba. Kisha akauliza kama Jumatano jioni ninaweza kupita kwake tusome pamoja. Kiti kipo. Kusoma peke yake, akasema, wakati mwingine sauti ya saa ya ukutani inamzidi.

Mke wangu akaenda jikoni ghafla, akarudi na macho mekundu, akasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Mimi si mtoto. Nimeona mchezo wote. Anataka kuninyang'anya nyuki! Kwanza kauazima mwongozo ili nisiupate. Halafu ananiita kwake anichunguze mbinu zangu. Nikakubali kwa furaha kubwa. Nitakwenda Jumatano hii, na kila Jumatano, kumpeleleza. Hata akinikaribisha chai nitakunywa kwa tahadhari. Akashukuru sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, myepesi kama bahasha. Kuna kitu kilinipanda kifuani hapo. Kiungulia, bila shaka.

Baada ya kumsindikiza nilikaa mezani na riwaya inayofuata. Msimamizi wa stesheni ya reli katika nchi ya theluji. Kurasa 530. Nusu yake ni 265. Nikafungua hapohapo kutafuta nyuki. Nikasoma juu hadi chini. Theluji tupu. Hata nzi hakuna!

Nusura nikate tamaa. Lakini msomi hujulikana siku ya dhiki. Nikaandika kichwa cha insha kabla sijafunga kitabu: “Kufa kwa Nyuki wa Stesheni: Uchambuzi wa Kina.” Bila shaka waliuawa na baridi kabla ya ukurasa wa kwanza, ndiyo maana hakuna anayewataja. Mama mkwe atafute hilo na kidole gumba chake!

Tatizo moja tu, meza ilikuwa inayumba mno kwa kazi nzito namna hii. Nikazichukua zile nakala za dada na paa, kurasa zote kumi na sita, nikazikunja mara nne, nikazipachika chini ya mguu mfupi. Zimetosha kabisa. Meza haitikisiki tena, na mwandiko wangu umenyooka kama wa profesa.